Kabla ya Msingi, Kichaka

Askari wengi huishi kambini pamoja na jamaa zao, na kibanja cha nyumbani hubaki peke yake. Mwenyewe apatapo likizo, akashuka Buwenge katika barabara ya Jinja kwenda Kamuli, hukuta migomba ya baba yake imemezwa na kichaka chenye miiba na maua ya rangi nyingi. Mmea huo watu huuita kayukiyuki. Wataalamu huuita Lantana camara. Fedha za mabati zipo, siku za likizo ni chache, na moyo watamani kuona matofali yakipanda. Hapo ndipo wengi hukosea: huwasha kiberiti.

Moto haufai. Busoga ni nchi ya miwa, nayo majani makavu ya muwa hushika moto upesi. Cheche ya kibanja kimoja yaweza kuteketeza jasho la jirani la mwaka mzima. Tena moto huunguza matawi tu. Mvua ikinyesha, shina la kayukiyuki huchipua upya.

Wala kichaka hicho si cha kuachwa. Tangu mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika pwani za Ziwa Viktoria, Busoga ikiwemo. Mwaka 1976 ukazuka tena Busoga, ukaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Wakati wa misukosuko ya nchi mashamba mengi ya kahawa na pamba yaliachwa, kayukiyuki ikayafunika hadi karibu na milango, na mbung'o akapata kivuli chake kando ya watu na ng'ombe. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana, lakini aachaye kichaka nyuma ya nyumba humwalika mgeni yule yule. Majani yake pia ni sumu kwa mifugo.

Lakini kabla ya panga, ulizo. Askari mmoja alimwambia baba yake mdogo, "Kesho vijana watafyeka yote." Mzee akamjibu, "Mwanangu, njoo kwanza nikuonyeshe alipolala nyanya yako." Wakapita vichakani polepole, mkewe askari akitangulia, maana yeye ndiye aliyekuwa akija kulima pale. Kaburi lilikuwa mahali hasa alipokusudia kuweka chumba cha kulala. Laiti angefyeka kwa haraka, angelijenga juu ya mama wa baba yake, na ugomvi wa ukoo ungelidumu kuliko ukuta.

Basi, yafaa utaratibu huu ufuatwe. Kwanza, waitwe wazee, majirani wa pande zote na mke wa nyumba. Yaonyeshwe makaburi na mimea ya mpaka, nayo itiwe alama, isikatwe. Mti wa mvule ukiwapo, ufikiriwe vema kabla ya kuguswa na shoka, kwani wakatwao kwa saa moja hukua kwa miaka mingi.

Pili, kazi ifanywe wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, kabla ya mvua za Machi. Wafyekaji wavae mabuti na mikono mirefu, kwa sababu ya miiba na nyoka. Watoto wakae mbali.

Tatu, mashina yang'olewe kwa jembe na sururu hadi mizizi. Mzizi uachwao chini ya msingi huoza, ukaacha shimo na kualika mchwa. Kichuguu kisisawazishwe juu juu tu; kichimbwe hadi malkia apatikane. Udongo wake hufaa kwa matofali.

Nne, udongo mweusi wa juu ukusanywe kando kwa ajili ya bustani ya mboga. Nyumba haiuhitaji, mama wa nyumba anauhitaji.

Tano, baada ya wiki chache za mvua, machipukizi yang'olewe tena. Askari akirudi kazini, kazi hii humwangukia mkewe. Kwa hiyo fedha za vibarua zitengwe pamoja na fedha za saruji, akabidhiwe yeye mkononi.

Likizo yaweza kwisha bila tofali hata moja kusimama, na majirani wakacheka. Na wacheke. Mpaka umejulikana, mzee wa ukoo ameridhika, na mlinzi wa kibanja anajua kazi yake. Haraka haraka haina baraka.