Mtoto ni mtu mzima, anapimwa usonji, anayeulizwa ni mama

Simu inaingia jioni. Binti wa miaka 29, ana kazi yake na chumba cha kupanga, anamuuliza mama yake: "Mama, hivi mimi nilianza kuongea nikiwa na umri gani?" Mama anacheka. Kisha binti anaeleza kuwa amepata miadi kwa daktari wa magonjwa ya akili, anataka kujua kama ana usonji. Kicheko kinakatika.

Hapo wazazi wengi husikia lawama. "Wewe ulikuwa mtoto wa kawaida kabisa," mama anajibu, na mazungumzo yanaishia hapo. Ni jibu la upendo, lakini halimsaidii daktari.

Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Mtaalamu hutegemea mazungumzo, kumwangalia mhusika na historia yake tangu utotoni, kwa sababu dalili lazima ziwe zilianza mapema, hata kama zilikuja kuonekana wazi maisha yalipokuwa magumu zaidi. Sasa nani anakumbuka alivyokuwa na miaka mitatu? Anayekumbuka ni mama, baba, bibi, pengine dada wa kazi aliyemlea.

Kinachotakiwa ni matukio. "Alikuwa mkaidi" ni hukumu, haimwambii daktari kitu. "Akianguka halii, ila tukimvalisha sweta mpya ya shule analia mpaka tunaivua" inamwambia mengi. Aliitika akiitwa jina? Alicheza na wenzake au alipanga vizibo vya soda mstari mmoja mchana kutwa? Muziki wa harusini ulimfanyaje? Wali na mboga vikigusana kwenye sahani, alikula?

Watoto wa kike wanahitaji umakini zaidi. Wengi hujifunza kuiga wenzao, wanaitwa wapole, na hakuna anayeshtuka.

Kadi ya kliniki ibebwe, ingawa mara nyingi ina uzito na chanjo tu. Ripoti za shule ndizo za kutafuta kwenye lile sanduku la chini ya kitanda, hasa maoni ya mwalimu wa darasa. "Ana akili ila hajichanganyi na wenzake," iliyoandikwa akiwa darasa la pili, ina uzito kuliko kumbukumbu ya leo.

Binti naye aandike ya sasa: kinachomchosha kazini, usingizi, dawa anazotumia, kama amewahi kutibiwa sonona au wasiwasi. Aandike kwenye karatasi au simu, maana mbele ya daktari mtu husahau.

Kuhusu lawama, ni kweli kwamba katikati ya karne iliyopita wapo wataalamu wa Ulaya na Marekani waliodai usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Dai hilo lilishatupwa; urithi wa vinasaba ndio wenye nafasi kubwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuficha uchungu uliochukua siku mbili au degedege ya utotoni.

Na habari ni ya binti. Shangazi na majirani wasiisikie kabla yeye hajaamua.

Mzazi asiyekumbuka aseme hakumbuki. Daktari amezoea kusikia hivyo, na ni afadhali kuliko kubuni.