Itifaki Imezingatiwa, Muda Umekwisha

KENGELE YA JUMAMOSI
Na Bwana Kengele

Jioni ya kwanza ya darasa la kuhutubia, Bwana Kengele alipewa dakika mbili azungumzie mtaa anaoishi. Alisimama, akakohoa, akamshukuru mwalimu, akawaamkia wakubwa shikamoo, akaongeza asalaam aleikum, akaongeza Bwana asifiwe, akaomba radhi kwa kutojiandaa, kisha akatamka kwa sauti nzito kwamba itifaki imezingatiwa. Taa ya kijani ikawaka: dakika moja imepita. Ya njano ilimkuta akiwapongeza waandaaji. Ilipowaka nyekundu, hata jina la mtaa hakuwa amelitaja.

Taa hizo zina asili yake. Utaratibu huo umesambazwa na vilabu vya Toastmasters, ambavyo Ralph Smedley alivianzisha Oktoba 1924 katika jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, na ambavyo leo vipo Dar es Salaam na Nairobi pia. Mwenye saa hana uso wa kumwonea mtu haya. Pembeni yake huketi mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuhesabu tu kila “aaa” na “eee” ya msemaji.

Kwa Waswahili daftari la mhesabuji huyo halitoshi. Humo imebidi aandike “yaani”, “kimsingi”, “niseme tu” na ile “lakini pia” ambayo siku hizi hakuna ofisa anayeweza kufungua semina bila hiyo. Bwana Kengele alisomewa hesabu yake mbele ya wote: “yaani” tisa. Alitaka kubisha, akaanza na “yaani”. Zikawa kumi.

Mwalimu alishauri salamu zifutwe kabisa, msemaji aingie kwenye hoja moja kwa moja. Hapo safu hii inamkatalia. Ukumbi wenye wazee mstari wa mbele hauingiwi kama linavyorukiwa basi la mwendokasi. Salamu moja iliyotoka moyoni huwafungua watu masikio. Kinachowachosha ni orodha ya wageni wa meza kuu inayosomwa upya na kila anayeshika kipaza sauti, wakati mshereheshaji ameshaisoma mara mbili.

Mwalimu Nyerere alijua thamani ya maneno machache. Novemba 2, 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, aliwaeleza Watanzania mambo matatu: uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga na nia ya kumpiga, kila moja likifungwa kwa tamko kwamba tunalo. Waliokuwa watoto siku hiyo bado wanayataja hivyo hivyo matatu, hata kama mengine ya hotuba ile yamewatoka.

Naye hakuwa mgeni wa kazi ya hotuba. Tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ilichapishwa mwaka 1963, na katika tamthilia hiyo watu wawili wanahutubia kwenye msiba mmoja, wa Caesar aliyeuawa. Brutus anatoa hoja safi, anashangiliwa. Antony anayemfuata anawaonyesha watu vazi la marehemu, tundu la kisu moja baada ya jingine, na umati unaondoka hapo kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Darasani somo hilo huitwa “onyesha, usieleze”, lakini lile vazi linafundisha haraka zaidi.

Wiki ya pili Bwana Kengele alirudi na mtaa wake uleule. Salamu moja. Kisha akasema kwamba kwenye mtaro mbele ya duka la mkaa kuna godoro la futi tano kwa sita, limevimba maji, na mvua ikinyesha wenye duka hupanga magunia juu ya meza na kusubiri. Alitaja rangi ya godoro. Alitaja harufu.

“Yaani” zilikuwa mbili. Alipokaa, mama mmoja wa safu ya nyuma alinyoosha mkono bila kungoja zamu yake.

“Na hilo godoro, mmeshalitoa?”