Mazungumzo ya Nyumbani: Kiangazi Si Kimoja



Baadhi yenu mtakumbuka ya kuwa mwanzoni mwa vuli iliyopita twaliandika katika ukurasa huu maneno machache juu ya kupanda. Ilikuwa imenyesha mvua njema hapa mjini siku tatu mfululizo, maji yakapita kwa nguvu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na watoto wakatoka kuyachezea. Nasi tukafurahi, tukakaa mezani, tukaandika ya kuwa vuli imekwisha kufika, na ya kuwa kila nyumba yenye kipande cha ardhi isichelewe kutia mahindi na kunde. Twaliandika “kila nyumba”. Hapo ndipo tulipokosa.

Mwezi uliofuata ikatufikia barua kutoka Makunduchi. Aliyeiandika ni mama wa nyumba moja ya wasomaji wetu. Mumewe ni mwalimu wa shule, nao wote wawili asili yao ni Muheza, wala hawajatimiza miaka miwili kisiwani. Barua haikuwa ndefu. “Mwalimu, mlituambia tupande, tukapanda mbegu zote. Majirani hawakupanda, walitutazama tu. Mahindi yalichipuka, yakasimama siku nane, yakalala. Mvua mliyoiona ilikuwa ya kwenu, haikuwa ya kwetu. Sasa twanunua unga dukani.” Twaliisoma mara mbili, tukaitia mfukoni, wala hatukupata neno la kujibu. Basi tukaona yafaa twende wenyewe.

Wageni husema kisiwa cha Unguja ni kidogo, na kweli ni kidogo. Tangu Nungwi hata Makunduchi hakifiki kilomita 90. Lakini atokaye mjini kwa gari asubuhi huona nchi mbili kabla ya saa sita. Mpaka Tunguu ardhi ina kina, minazi na miembe imesimama kwa raha. Jozani msitu ni mrefu, na baada ya masika maji hutuama chini ya miti. Ukiisha kupita Kitogani, miti hupungua urefu, vichaka huanza, na mawe hutokeza kila mahali kama meno. Hiyo ndiyo nchi iitwayo uwanda. Mawe yake ni matumbawe ya zamani, yaliyokuwa chini ya bahari, nayo yamejaa matundu. Udongo upo, tena si mbaya, lakini umekaa katika vishimo na nyufa, huku kiganja na kule kiganja. Jembe halifanyi kazi. Watu hutumia mtaimbo, na mbegu hutiwa shimo kwa shimo.

Mama yule alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Hakutaja mahindi mpaka tulipokwisha kunywa maji, nayo maji yalikuwa na chumvi kidogo. Kisha akamwita jirani yake, bibi mmoja mzaliwa wa pale, aje atuonyeshe shamba.

“Shikamoo, bibi,” tukasema.

“Marahaba, wanangu.” Akamgeukia mama wa nyumba. “Ndiye huyu aandikaye mvua?”

Hatukuwa na la kusema. Bibi akachota maji kwa kata akayamimina juu ya ardhi mbele yetu, na kabla hatujayatazama vizuri yalikuwa yamekwisha kutoweka. “Ardhi yenu mtungi,” akasema, “ya kwetu chekeche. Mtungi ukijaa leo, mwanywa mwezi mzima. Mwenye chekeche humimina kila siku.” Tena akatuambia desturi yake ya kupanda: mvua ya kwanza huosha vumbi majanini, ya pili hupoza mawe, ya tatu ndiyo ya mbegu. “Sisi tulikuwa twangoja ya pili, na huyu mwanangu amekwisha kupanda. Nilimwambia. Akanionyesha karatasi yenu.”

Wasomaji, tumefundisha darasani miaka mingi, wala hatukumbuki siku tuliyojisikia wadogo kama siku ile.

Tuliporudi tukatafuta kuelewa vema jambo hili, na haya ndiyo tuliyoyaona. Kwanza, mvua yenyewe hailingani. Upande wa magharibi na kaskazini ya Unguja hupata mvua nyingi kuliko mashariki na kusini, na Pemba hupata nyingi kupita Unguja. Mjini mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 1,600. Lakini tofauti kubwa zaidi imo katika ardhi. Mvua ikisha kunyesha katika udongo wa kina, mmea huishi kwa akiba siku nyingi. Ikinyesha juu ya matumbawe, hushuka mara moja. Huko chini maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi, nayo ni tabaka jembamba. Kiangazi kikirefuka na watu wakachota sana, tabaka hilo huzidi kupungua na chumvi hupanda visimani. Ndiyo chumvi tuliyoionja.

Sasa tulitazame neno “kiangazi” lenyewe, maana ndilo linalotupoteza. Watoto wetu wakisoma vitabu vya Kizungu huambiwa ya kuwa kiangazi ni mwezi wa Juni, Julai na Agosti. Kumbe kwetu hiyo ni kipupwe: kusi inavuma, usiku watu hujifunika, na mvua ndogo za mchoo huanguka. Joto letu kali ni la kaskazi, tangu Desemba hata Machi. (Ndiyo sababu kadi za Krismasi zenye theluji hutuchekesha, nasi tumekaa barazani tukijipepea.) Hata Biblia yataka uangalifu. Waliotafsiri walitumia maneno yetu, masika na vuli, kwa mvua za Palestina, wala hawakuwa na mengine yaliyo bora. Lakini nchi ile hunyeshewa wakati wa baridi, tangu Oktoba hata Aprili, kisha hukauka karibu miezi mitano. Msomaji wa Makunduchi akisikia “masika” huona mbele yake Aprili iliyojaa maji. Mkulima wa kule alisikia jambo jingine.

Sababu ya tofauti hizi ni kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua, likienda kaskazini na kurudi kusini. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta hutupitia mara mbili: ukipanda ni masika, ukishuka ni vuli. Ukifika mbali kusini hugeuka, kwa hiyo watu wa huko wana msimu mmoja tu. Ndiyo hesabu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hata leo: Unguja, Pemba na pwani ya kaskazini wana masika ya Machi hata Mei na vuli ya Oktoba hata Desemba, Dodoma, Masasi na kwingineko wana mvua za Novemba hata Aprili, basi.

Hapo twawaomba walimu walioko Ugogo watuwie radhi tukiitaja nchi yao. Mvua ya Dodoma kwa mwaka haifiki milimita 600. Mvua ya London nayo ni karibu milimita 600. Tulipoziona hesabu hizi mbili bega kwa bega tulidhani tumesoma vibaya. Lakini London hunyeshewa kidogo kidogo mwezi kwa mwezi, chini ya jua dogo. Dodoma hupata yote katika miezi michache, kisha tangu Mei hata Novemba mbingu hufungwa. Wapimaji wa mvua wa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, waliamua ya kuwa siku 15 mfululizo zisizo na mvua ya kupimika ziitwe ukame. Mgogo akiambiwa hivyo atadhani anafanyiwa mzaha. Walakini Waingereza nao hawakusema uongo, kwa kuwa nyasi zao na visima vyao vimezoea hivyo. Mwaka 1976 kiangazi chao kilikauka hata serikali ikamweka waziri wa kushughulikia ukame, na baada ya siku chache ikanyesha. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika nyuzi 40.3 pale Coningsby, jambo ambalo halikupata kupimwa katika nchi ile.

Basi siku 15 si kitu Dodoma, ni habari ya magazeti Uingereza, na Makunduchi katikati ya vuli ni mauti ya shamba la mahindi. Tulikuwa tukiuliza, “Ni siku ngapi bila mvua?” Yatupasa kuuliza pia, “Juu ya ardhi ipi, na mbegu ipi, na mwezi gani?”

Tena ukame wa kawaida ni jambo moja, na mvua kukosa msimu wake ni jambo jingine. Wagogo hawafi kwa sababu Julai ni kavu. Wameijua tangu babu zao. Njaa waliyoiita Mtunya, katika miaka ya 1918 hata 1920, ilikuja mvua za msimu zilipokosekana, baada ya majeshi ya vita, ya Wadachi kwanza na ya Waingereza baadaye, kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ghala lilikuwa tupu kabla ya mbingu kufunga. Na katika siku zetu, kaskazini ya Kenya, Somalia na kusini ya Ethiopia, misimu mitano ilikosa mvua mfululizo, tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, na wafugaji wakapoteza mifugo isiyohesabika. Oktoba ya mwaka huo wa 2022 mto Ruvu ulipungua hata wakazi wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa zamu.

Wataalamu wametambua ya kuwa bahari yetu ina mkono katika mambo haya. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kupita ya upande wa Indonesia, vuli huwa kubwa, kama 1997 na 2019. Yakiwa baridi, vuli hudhoofika, kama 2016 na 2022. Kwa hiyo utabiri wa msimu hutolewa kabla, nao wafaa kusikilizwa. Lakini utabiri husema habari za eneo zima. Hausemi habari za shimo moja la udongo kati ya mawe mawili.

Bibi yule anazo hesabu zake. Watu wa Makunduchi huanza mwaka kwa sikukuu ya Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, na kwa hesabu ya kale ya Nairuzi siku huhesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na kwa miongo hiyo walijua wakati wa kulima na wa kusafiri. Mwaka huo una siku 365 kamili, hauongezwi siku, kwa hiyo huteleza siku moja kila miaka minne, yaani mwezi mzima katika miaka 120. Tulimwuliza bibi kama haimpotezi. Akacheka. “Siku nahesabu, mwanangu, lakini mawe nayagusa.”

Jambo moja zaidi tuliliona pwani, tukaliandika ili tusijidai tena kusema mvua ni njema kwa wote. Katika pwani ile ya mashariki, Paje na Jambiani na kwingineko, wanawake hulima mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mwani huanikwa, na mvua ikiuloa huharibika. Jua lililoua mahindi ya msomaji wetu ndilo lililokausha mwani wa wengine. Ila hata hilo lina kipimo chake: maji ya pwani yakichemka mno wakati wa kaskazi, mwani ulio bora huugua na kufa, na wengi wamelazimika kulima ule wenye bei ndogo.

Tulitaka kumlipa mama yule thamani ya mbegu zake. Fedha alizikataa, alisema atapenda mbegu za mtama na vijiti vya muhogo, kama alivyoshauriwa na jirani. Tumevipeleka kabla ya masika.

Na kwa upande wetu, hatutaandika tena wakati wa kupanda kwa kutazama dirisha letu. Twawaomba walimu na wakuu wa nyumba walioko Makunduchi, Mkokotoni, Wete, Muheza, Masasi na Dodoma watusaidie. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, mliweke mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa 3 asubuhi pimeni kwa rula kina cha maji, mwandike, kisha mmwage. Kila milimita moja ni sawa na lita moja juu ya kila mita moja ya mraba. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri, msiiruke. Mwisho wa mwezi leteni karatasi, nasi tutazichapa pamoja, kila mahali kwa jina lake.

Ya Makunduchi imekwisha kufika. Imeandikwa kwa mwandiko uleule wa barua, na sifuri zimeshuka ukurasa mzima, moja chini ya nyingine, mpaka karibu na mwisho wa karatasi, ambapo pana 3, na pembeni yake neno moja: “Bado.”