Tabo ya Kwenye Gunia na Pesa ya Upatu Wangu

Leo sina udi wala mapishi. Nazungumzia injini, na najua wapo watakaosema haya si mambo ya kike. Basi mbona pesa ya kuyafanyia inatafutwa kwenye pochi ya mwanamke? Na anayepakiwa nyuma ya pikipiki hiyo, na mtoto wa skuli kambana katikati, ni nani?

Mtoto wa dada yangu ana pikipiki ya 125, silinda moja, ndiyo inayomlisha. Asubuhi anapeleka watoto skuli, mchana abiria wa Fuoni na Mwanakwerekwe, jioni ananifikishia vitumbua vyangu kwa wateja. Wiki mbili nyuma kaja na gunia. Ndani mna tabo iliyotolewa kwenye kirikuu kilichokufa: kichuma kama konokono, kimejaa masizi. "Mama mdogo, nikiifunga hii nitawapita wote. Fundi kashakubali." Kilichobaki ni pesa ya mabomba, ya kuchomelea na ya fundi. Na zamu yangu ya upatu, kwa bahati, imeangukia mwezi huu.

Akanionesha video kwenye simu. Pikipiki ndogo inanguruma, inapiga mluzi, vijana wanashangilia. Nikamuuliza, hiyo pikipiki wiki ya pili yake ikoje? Video ilikuwa ishakwisha.

Mie si fundi, lakini masikio ninayo na kuuliza najua. Tabo ni magurudumu mawili madogo kwenye shafti moja. Moshi unaotoka unazungusha moja, la pili linasukuma hewa kuingia injini ili ichome petroli nyingi zaidi. Kwenye gari ni kitu kizuri. Lakini kirikuu kina silinda tatu na 660. Hii ina moja na 125. Injini ya 125 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika inavuta hewa kiasi cha lita 500. Ya 660 kwa mwendo huo huo inavuta zaidi ya lita 2,600. Basi huo moshi kidogo wa pikipiki utazungusha nini? Ni kama kupuliza feni ya dari kwa mdomo.

Halafu silinda ikiwa moja, inachoma mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Wakati moshi unatoka na kusukuma tabo, mlango wa kuingizia hewa umefungwa. Hewa imesukumwa, haina pa kwenda. Wataalamu wa chuo cha MIT kule Marekani waliliangalia tatizo hili kwa injini ya dizeli ya silinda moja, na dawa yao ni kuweka chombo cha kuhifadhi hewa katikati. Chombo hicho kina kipimo chake, hakikatwi kwa kukisia kutoka kwenye mtungi wa gesi uliotupwa, kama alivyokusudia fundi wetu.

Na petroli je? Kwenye pikipiki hizi inashuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, haina pampu. Ukiipulizia kabureta hewa yenye nguvu, petroli inazuiliwa isishuke. Injini inakosa mafuta wakati ule ule inapoyahitaji zaidi, joto linapanda, inaanza kugonga, na pistoni ya alumini inatoboka. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na moto wa ndani unapita hapo mbali. Kinachoiokoa pistoni kila siku ni kwamba kila kitu kimepimwa kiwandani.

Oili sasa. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na shafti yake inaelea juu ya oili inayosukumwa kwa nguvu. Pikipiki yenyewe ina oili lita moja tu, na hiyo hiyo inahudumia injini, gia na klachi. Utamgawia nani, umnyime nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki wote walijaribu kuuza pikipiki za tabo. Honda walitoa CX500 Turbo mwaka 1982, ina silinda mbili, inapozwa kwa maji, petroli inaingizwa kwa umeme. Miaka michache tu, wote wanne wakaacha. Hao wana viwanda na wahandisi. Huyu wa kwetu ana mashine ya kuchomelea na maneno matamu.

Tena tuseme imekubali, Mungu kajaalia, inakwenda mbio. Itasimama na nini? Breki ni zile zile za ngoma, chasisi ile ile, tairi lile lile lililolika. Na hapo ndipo ninapokasirika khasa, maana abiria haambiwi. Mama anayepanda na mwanawe hajui kwamba kakalia jaribio la mtu. Asiniambie mtu habari ya tawakkul hapa.

Sikatai vijana kujaribu. Tafuta injini mbovu, ifunge kwenye meza ya chuma nyuma ya gereji, ijaribu mpaka ipasuke, ujifunze. Huo ni ujuzi, na ningekuchangia. Lakini si kwenye pikipiki inayolisha nyumba, na si kwa pesa za wanawake kumi waliojinyima kila wiki.

Dada yangu kanambia namvunja moyo mtoto, wanaume waachiwe mambo yao. Nikamjibu, pistoni ikitoboka nani atamlisha? Akanyamaza, kisha akacheka, maana jibu analijua.

Nilichompa ni hiki: viatu vya breki, tairi la nyuma, plagi, chujio jipya la hewa na pesa ya kurekebisha valvu. Kanuna siku tatu. Siku ya nne kasema, kwa sauti ya chini, kwamba pikipiki imekuwa nyepesi, mlima inaupanda bila kulia.

Tabo iko kwangu, uvunguni mwa kitanda, bado imo guniani. Mwenye kirikuu anayeihitaji aje, tutaelewana bei.