Zawadi ya Idi Isiyo na Dhulma

Idi inapokaribia, Waislamu hununua manukato na vipodozi vya kuwatunuku jamaa zao. Ni jambo jema, kwani zawadi huzidisha mapenzi. Wengi huuliza iwapo kipodozi kina mafuta ya nguruwe. Wachache huuliza kilijaribiwa vipi. Kwa miaka mingi viwanda vimewatia sungura kemikali machoni ili kupima ukali wake. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulikataza kuuzwa kwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Nchi nyingi bado hazijakataza.

Mtume Muhammad (S.A.W.) ametuhadithia juu ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula hadi akafa. Ikiwa paka mmoja ana hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu, je, sungura aliyeunguzwa macho kwa ajili ya pambo la uso? Qur'ani Tukufu, ikizungumzia chakula, imetaja halali pamoja na vizuri. Katika mapambo pia tusishike neno la kwanza tukaliacha la pili.

Basi tunawanasihi ndugu zetu: someni maandishi ya pakiti, muulizeni muuzaji. Asiyepata jibu, hina, asumini na mafuta ya nazi vingalipo sokoni, navyo havimtesi kiumbe yeyote.

Wabillahi tawfiq.