Shamba la Embu na kitanda cha kamba

Ikiwa ulilelewa Meru au Embu, kaa unayemfahamu ni yule wa mtoni, anayejificha chini ya mawe ya Rupingazi au Kathita. Kaa huyo ni mzazi mwema ajabu. Mayai yake huyakumbatia chini ya tumbo, na yakianguliwa hutoka vikaa vidogo vilivyokamilika, miguu na magando. Hata hapo mama huendelea kuwabeba kwa muda kabla ya kuwaacha wajitafutie.

Jamaa zake wa baharini hawana malezi ya namna hiyo. Kamba jike hutaga mayai mamia ya maelfu kwa mara moja, kisha huyo, akaenda zake. Watoto wake, ambao hawamfanani hata kidogo, huelea na mikondo ya maji kwa wiki mbili tatu. Wengi huliwa. Wachache wanaosalia, wakiwa na urefu wa kama sentimita moja, husukumwa na maji kujaa hadi karibu na pwani, na hapo hutua kwenye sakafu ya bahari.

Je, hutua popote tu? La hasha! Kila aina ina kitanda chake. Kamba mweupe hutafuta matope laini kwenye mikoko, ambako mizizi humficha asionwe na samaki na majani yaliyooza humpa lishe. Kaa mkubwa wa matopeni, yule anayeuzwa kwa bei ya juu hotelini, pia hukulia huko. Kuna kamba wa milia ambaye hupendelea nyasi za baharini. Naye kamba koche huelea miezi mingi katika bahari kuu, kisha huogelea kuelekea pwani akiwa angavu kama kioo na kujibanza katika vitundu vya miamba ya matumbawe. Anayekikosa kitanda chake huishia tumboni mwa samaki.

Sasa utauliza: haya yanamhusu nini mkulima wa miraa wa Meru, au wa majani chai wa Embu?

Mwanafunzi, chukua ramani ya Kenya. Fuata maji ya Mlima Kenya yanavyoingia Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, hadi yamwagikapo baharini karibu na Kipini, katika Ghuba ya Ungwana. Ghuba hiyo ni miongoni mwa sehemu zenye kamba wengi zaidi katika pwani yetu, kwa sababu maji baridi, matope na lishe ya mito huwaandalia watoto wa kamba mahali pa kukulia. Kitanda hicho basi hutandikwa na bara.

Lakini kila kitu kina kipimo. Mvua inapoporomoa udongo wa shamba lisilo na matuta, mto hubeba kupita kiasi. Udongo ukizidi baharini huziba mwanga, nyasi zikafifia, na matumbawe yakafunikwa. Yule wa milia na koche hukosa pa kutua.

Ni kweli kwamba mabwawa ya umeme, kuanzia Masinga lililokamilika mwaka wa 1981 hadi Kiambere la mwaka wa 1988, hunasa udongo mwingi, ukiwemo ule wa Rupingazi. Hiyo nayo ni hasara, kwani bwawa likijaa udongo hubakiwa na nafasi ndogo ya maji. Lakini Kathita na Mutonga huingia Tana chini ya mabwawa hayo. Udongo wake una njia nyeupe hadi baharini.

Dawa yake si ngeni kwa mkulima: matuta yanayofuata mwinuko, nyasi za nepia kingoni mwa matuta, na miti iachwe kando ya mto badala ya kulima hadi majini. Wa kwanza kufaidika ni yeye mwenyewe, kwani rutuba hubaki shambani.

Mzazi, likizo ijayo mnapokwenda kuwaona babu na nyanya, wapeleke watoto mtoni baada ya mvua kubwa. Wakiona maji mekundu, waeleze kwamba hilo ni shamba la mtu linasafiri. Kisha waulize litatua wapi, na juu ya kitanda cha nani.