Maajabu ya Pemba yana ushahidi, watoto wetu wafundishwe

Ukitaja Pemba mbele ya wageni, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye uchawi. Mwaka 1995, hofu ya shetani aitwaye popobawa ilipotoka kisiwani kwetu ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam, waandishi wa mbali walipata kisa cha kuandika, na mpaka leo wanakiandika. Mimi ni mzaliwa wa Mgogoni, kaskazini mwa kisiwa, na kazi yangu ni kusomesha historia. Nakutana na vijana wanaoweza kukusimulia popobawa kwa saa nzima, lakini hawajui kwamba kwenye udongo wa kisiwa chao kumetoka mambo ya ajabu zaidi, mambo ambayo yameacha alama za kushikwa kwa mkono. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na Mtambwe Mkuu, upande wa Wete, pahala ambapo maji yakitoka mtu huenda kwa miguu. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Mwingereza Mark Horton, walifukua hapo hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za enzi ya makhalifa wa Kifatimi. Dhahabu hiyo ndiyo iliyosaidia kukisia wakati: karne ya 11, zama zile zile ambazo William wa Normandie alikuwa akivuka bahari kwenda kuiteka Uingereza. Sarafu za fedha zenyewe ni ndogo, hazifiki ukucha wa kidole gumba, na zilipigwa huku huku kwenye pwani yetu. Upande mmoja zina jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Hebu lifikirini jambo hilo. Watu wa mwambao huu, karibu miaka 1,000 iliyopita, walikuwa na wafalme ambao hata senti ya kununulia samaki waliitia vina!

Sasa turudi nyuma zaidi, kwenye kisa ambacho kila nikikisimulia darasani kimya kinatanda. Mabaharia wa Kiarabu na wa Kiajemi wa karne ya 10 walikuwa na bandari kubwa kwenye pwani yetu, ambayo wao waliiita pwani ya Zanji, na bandari yenyewe wakiiita Qanbalu. Wanahistoria wengi wanaiweka Pemba, na wengi wao wananyoosha kidole Ras Mkumbuu, magharibi mwa Chake Chake, palipo na magofu ya msikiti mkubwa. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, aliondoka Qanbalu kurudi Oman mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917 Miladia. Aliandika kwamba mjini humo walikaa Waislamu pamoja na Wazanji wasiokuwa Waislamu, na kwamba katika bahari zote alizosafiri hakuona yenye hatari kuliko hii yetu. Aliwataja kwa majina manahodha aliosafiri nao ambao baadaye bahari hiyo iliwameza.

Katika kitabu cha maajabu ya India kinachonasibishwa na nahodha Buzurg bin Shahriyar, mna kisa cha jahazi lililotoka Oman mwaka 310 Hijria, yaani 922, likielekea Qanbalu. Upepo ukalikataa, ukalisukuma hadi Sofala, kusini kabisa. Wafanyabiashara wakashuka wakijua wamekwisha. Badala yake mfalme wa nchi ile, kijana mwenye haiba, akawapokea kwa wema, wakafanya biashara yao bila kutozwa chochote. Siku ya kuondoka akapanda jahazini na watu wake saba kuwaaga. Hapo ndipo tamaa ilipowaingia. Mmoja wao alimtazama mfalme yule akapiga hesabu kwamba sokoni Oman atapata dinari 30. Wakatweka matanga, wakaondoka naye. Mwenyeji aliyewakirimu wakamuuza.

Kisa hakikuishia hapo. Miaka ikapita, jahazi la wafanyabiashara wale wale likapigwa tena na upepo, likatua pale pale. Walipopelekwa mbele ya mfalme, wakamwona ni yule yule, ameketi juu ya kiti chake. Akawasimulia: aliuzwa Oman, akapelekwa Basra, huko akajifunza sala na Kurani. Akauzwa tena Baghdad. Akatoroka na msafara wa mahujaji, akahiji Makka, akenda Misri, akaufuata mto Nile kuelekea kusini, akikamatwa na kuponyoka, mpaka akafika kwao. Akakuta kiti chake hakijakaliwa na mtu, kwa sababu waganga waliwaambia raia zake kwamba mfalme wao yu hai katika nchi ya Waarabu. Akawasamehe wale waliomuuza, akisema wao ndio waliokuwa sababu ya yeye kuupata Uislamu. Ila walipomuomba awasindikize hadi jahazini, hilo alilikataa.

Wanafunzi huniuliza: ni kweli, mwalimu? Nawajibu kama ninavyowajibu wasomaji leo. Hiki ni kisa cha mabaharia, na mabaharia hunogesha. Lakini jahazi, bandari, bei za watu sokoni Oman, njia ya Basra na Baghdad, yote hayo yanalingana na tunayoyajua kuhusu biashara ya zama hizo. Na ndani yake mna ukweli mzito: biashara ya utumwa ilikula hata mkono uliokirimu, na mtu aliyeuzwa alibaki na akili, imani na hamu ya kurudi kwao. Mtoto wa Pemba anatakiwa ajue kwamba maandishi ya kale yanayotaja pwani hii yanataja pia hesabu ya dinari 30 juu ya kichwa cha mwenyeji wake.

Kitabu hicho hicho kinasimulia kwamba mwaka 334 Hijria, sawa na 945, watu wa Waqwaq walikuja kuishambulia Qanbalu kwa mashua zipatazo 1,000. Walikuwa wamesafiri mwaka mzima. Mji ulikuwa na ngome imara iliyozungukwa na maji, hawakuweza kuuingia. Walipoulizwa wamefuata nini, wakasema pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui na ambari, bidhaa zilizotakiwa kwao na China, na tena walitaka watu wa kuwafanya watumwa. Wapo wataalamu wanaodhani watu hao walitoka pande za visiwa vya Indonesia, wale ambao jamaa zao waliipeleka lugha yao Madagaska. Idadi ya mashua inaweza kuwa imekuzwa. Lakini kwamba bahari hii ilituunganisha na Asia ya mbali, hilo halihitaji kitabu cha maajabu.

Ushahidi wake uko kwa majirani zetu. Tumbe, ambako watu wa Mgogoni hununua samaki, kulikuwa na kijiji kikubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipochimba hapo walikuta vipande vya vigae vyenye mifereji, zaidi ya 2,000, vilivyotumika kusagia shanga za makombe. Kila nyumba ilikuwa na mkono wake katika kazi ile. Baada ya Tumbe kuachwa ukainuka mji wa Chwaka, karibu yake, ulioendelea kuanzia karne ya 11. Mtaalamu wa mimea, Sarah Walshaw, akazipepeta chembe zilizoungua kwenye majiko ya watu wa kale. Tumbe walikula uwele zaidi, na mpunga kidogo. Chwaka, mpunga ndio uliotawala. Wali tunaoula kila siku, tunaodhani tumezaliwa nao, ulivuka bahari kutoka Asia, na wazee wetu wakaamua kuufanya wao. Nikiwaambia watoto habari hiyo, huitazama sahani yao kwa macho mengine.

Nisingependa mtu adhani naleta sifa tupu. Yamo machungu. Atakayefika Ngome ya Yesu, Mombasa, akitazama juu ya lango ataona maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Humo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajivunia kwamba aliiadhibu Pemba, akawaua watawala walioasi pamoja na wakuu wa kisiwa. Wakuu hao hawakutajwa majina. Nyuma ya maandishi hayo yuko Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Baba yake aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno, kichwa kikapelekwa Goa. Mtoto naye akapelekwa Goa hiyo hiyo, akalelewa na mapadri, akabatizwa jina la Jerónimo, akafunzwa kazi ya mizinga, akarudishwa mwaka 1626 kutawala kwa niaba ya waliomuua baba yake. Agosti 1631 alimuua kapteni wa ngome kwa mkono wake, akaishika ngome, akarudi kwenye Uislamu. Jeshi kutoka Goa likamzingira mwaka uliofuata likashindwa. Kisha akaiacha Mombasa kwa merikebu aliyoiteka, akawa anawavizia Wareno baharini, mpaka akafa Jeddah mwaka 1638. Pemba ilikuwa upande wake, na Pemba ililipa. Ni watu wangapi kisiwani wanaojua kwamba damu ya wazee wao imeandikwa juu ya lango Mombasa?

Na Pujini je? Mkama Ndume, mtawala wa ngome ya Pujini, tunamjua sote. Mimi nilimsikia kwa wazee usiku wa kuchambua karafuu, makonyo yakitengwa huku hadithi ikienda: jinsi alivyowatesa watu kwa kuwabebesha mawe huku wakisota, na jinsi alivyokijenga kisima chenye ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane, mmoja akishuka ngazi, mwengine akiteka kwa kamba. Wachimbaji walipofika Pujini walikuta boma la karne ya 15, kisima kipo, na chini ya ardhi chumba chenye sanamu ya siwa, pembe ya watawala, iliyofinyangwa ukutani kwa lipu. Hadithi za wazee na mawe ya mahali vinajibizana. Ukatili wa kubebesha mawe hauwezi kuthibitishwa kwa jembe. Lakini kumbukumbu ya watu kwamba ngome ile ilijengwa kwa jasho lao nayo ni hati, na anayeidharau kwa kuwa haikuandikwa amepoteza nusu ya historia yetu.

Ndiyo maana nasema jambo moja tu katika makala haya: visa hivi vifundishwe Pemba, kwa watoto wa Pemba, penye mahali pake, pamoja na swali la ushahidi wake. Mtoto aulizwe: hiki tumekijuaje? Kwa sarafu, kwa mbegu, kwa maandishi, au kwa mdomo wa bibi? Kila njia ina nguvu yake na udhaifu wake. Aliyezoea kuuliza hivyo darasani, uvumi ukizuka usiku mtaani, atauliza vile vile.

Wapo wazee wenzangu watakaonionya kwamba magofu yana wenyewe, yaachwe. Nawaheshimu, na nakiri kwamba hofu hiyo imefanya kazi kubwa. Kwa miaka mingi mashetani wa magofuni ndio waliokuwa walinzi wa mambo yetu ya kale kuliko sheria yoyote. Lakini hofu inapungua, na kijana asiyeogopa tena, kama hajafundishwa, huona mawe ya kujengea au pahala pa kuchimba dhahabu ya Mreno. Akichimba usiku, hata akipata sarafu moja, ataiondoa kwenye tabaka lake la udongo, na haitaweza tena kusema ilizikwa lini na nani. Hazina ya Mtambwe imetupa majina ya wafalme kwa sababu ilifukuliwa kwa utaratibu na kuandikwa. Hofu ilitulindia magofu, na sasa zamu ni ya elimu.

Sidai mamilioni. Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ina makumbusho ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, na kila mwanafunzi wa kisiwa hiki aingie humo angalau mara moja kabla hajamaliza shule. Wataalamu wa nje waliochimba kwetu wameandika kwa Kiingereza, vyuo vyetu vitoe muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache ufike kila shule na kila madrasa. Masheha wa Tumbe, Chwaka, Mtambwe na Pujini wapewe vibao vya kueleza wapita njia wanakanyaga nini. Na simu walizonazo vijana wetu zitumike kuwarekodi wazee wakisimulia, na tarehe na pahala vitajwe, kabla hao wazee hawajatutoka.

Walimu wenzangu wa Konde, Micheweni, Wete, Chake na Mkoani, hatuhitaji kungoja waraka. Muhula ujao somo la kwanza liwe gofu lililo karibu na shule yako. Wapeleke watoto, wapime ukuta, wachore, wawaulize wanaokaa jirani, kisha warudi waandike walichokiona mbali na walichokisikia. Mgeni atakayekuja kuuliza habari za Pemba awakute vijana wenye jibu, wenye tarehe, na wenye pahala pa kumpeleka akaone mwenyewe.